Pasaka ya Kurasa Mbili

Ratiba ya Pasaka ya Hillary Makokha ilikuwa na kurasa mbili, na kurasa hizo zilibanwa kwa stepla ya ofisi. Ukurasa wa kwanza ulibeba siku nne za mapumziko, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, kila siku imekatwa vipande vya saa. Wa pili ulibeba vyakula vya msimu. Mtungaji wake alikuwa karani wa kupanga safari za malori katika kampuni moja ya mbegu mjini Kitale, na kwa kuwa malori hayakuwahi kumbishia, aliamini kwamba ndoa nayo haingembishia. Alikuwa ameoa miezi mitatu iliyopita. Mkewe, Edinah, aliisoma ratiba mara mbili, kwa uangalifu ambao watu huupa barua ya mahakama, kisha akauliza swali moja.

"Hapa Jumatatu umeandika 'mazungumzo ya wanandoa, saa moja'. Na hizo saa zingine tutakuwa tumenyamaza?"

"Hiyo inaitwa kutenga muda," alisema Hillary. "Watu waliosoma hutenga muda."

Edinah, ambaye alikuwa amesoma kumpita kwa mwaka mmoja, aliikunja ratiba na kuirudisha mezani.

Wazo lenyewe Hillary alilipata kwa kinyozi, katika gazeti la mwaka uliotangulia lililowashauri maharusi waliohamia mji mgeni wauonje mji huo pamoja, kwa vyakula vyake na sikukuu zake. Ijumaa wangekula samaki. Jumamosi wangekula uyoga na kumbikumbi, wazuru makumbusho na kupigwa picha. Jumapili wangekula mwanakondoo. Hapo palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu, na neno "mbuzi" juu yake, kwa sababu wauzaji nyama wa Kitale hawakuwa wamesoma gazeti lile. Chini kabisa aliandika: "Hali ya hewa: jua kiasi." Ilikuwa Aprili ya mwaka 2006, na Kitale haikuwa imeliona jua la alasiri kwa wiki tatu.

Kosa la kwanza, kama ni lazima makosa yapewe nambari, lilikuwa la Edinah. Alimpigia simu mama yake, Bungoma, akamweleza kwa fahari ya bibi arusi kwamba Kitale kumbikumbi hupatikana sokoni, na kwamba wao huwanunua kwa kikombe. Mama yake, Nanyama, alikuwa mjane wa mwalimu, na nyuma ya jiko lake palikuwa na vichuguu viwili ambavyo mumewe alivirithi kwa babu.

"Unanunua chiswa?" aliuliza. "Kwa kikombe? Na mimi mwenye niko hai?"

Alhamisi saa kumi alasiri alikuwa amesimama langoni mwa ploti waliyopanga maharusi, mvua ikimtiririka shingoni, ndoo iliyojaa nusu kumbikumbi wa kukaanga mkono mmoja, uyoga uliofungwa kwa majani ya mgomba mkono wa pili.

*

Nanyama hakuwa amekuja kukaa. Alijua adabu kuliko wengi wanaoihubiri. Kwao, mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe, hamtazami usoni, wala haoni kitanda chake, mpaka siku mkwe huyo atakapomfunika nguo mabegani mbele ya shahidi na kumlisha kwa heshima. Shughuli hiyo Hillary alikuwa ameipangia Desemba. Ilikuwa katika ratiba nyingine. Nanyama basi alikusudia kukabidhi ndoo langoni, kumwona binti yake kama amenenepa, kisha kwenda kijiji cha Kwanza, nje ya Kitale, kulala kwa binti wa wifi yake. Edinah alipompigia simu huyo wa Kwanza, alijibiwa kwa furaha kubwa kwamba familia yote iko Cheptais kwa Pasaka, na je, wao hawaji?

Ploti ilikuwa na vyumba sita. Vitano vilikuwa na makufuli, wapangaji wake wakiwa wamekwenda kwao kama watu wenye akili. Cha sita kilikuwa cha maharusi: chumba kimoja, kilichokatwa katikati na pazia zito jekundu lenye maua ya dhahabu, zawadi ya harusi kutoka kwa akina mama wa kanisa la Nanyama. Upande huu palikuwa na viti viwili na meza. Upande ule, kitanda.

"Kuna lojingi safi huko karibu na stendi," Hillary alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, uso ukiwa umeelekezwa ukutani, ili asionane na mgeni wake.

"Lojingi?" Nanyama alimuuliza binti yake, kwa kuwa mkwe haulizwi moja kwa moja. "Mwambie mimi ni mjane wa mwalimu. Lojingi nitaandika jina gani?"

Kisha akakohoa. Edinah alikijua kikohozi hicho tangu utotoni. Mama yake alikuwa na pumu, na pumu hiyo ilichukia moshi, ila baridi iliichukia zaidi. Edinah alikwenda nyuma ya tangi.

"Hillary, mama hawezi kukaa nje. Hiki kifua yake, akinyeshewa siku mbili tutaenda naye hospitali."

"Sijasema akae nje. Nimesema tufuate utaratibu." Naye akatoa simu, akampigia baba yake mkubwa, Mzee Jairus, huko Bungoma, ambaye ukoo mzima ulimwendea kwa mambo ya desturi kwa sababu hakuwa na shughuli nyingine.

"Hiyo pazia ni ya rangi gani?" aliuliza Jairus.

"Nyekundu, Baba. Nzito."

"Ukiwasha taa, mtu anaonekana nyuma yake?"

"Haonekani."

"Basi hiyo karibu ni ukuta. Rakini karibu si ukuta, kijana. Yeye akiwa ndani, wewe uko nje. Wewe ukiwa ndani, yeye hako. Asirare hapo na wewe. Na macho yasikutane." Akatua. "Huyo mama alikuja na nini?"

"Kumbikumbi."

"Ndoo mzima?"

"Nusu."

Mzee alimeza mate kwa sauti iliyofika mpaka Kitale.

*

Mtu wa kawaida angeondoka nyumbani kwake siku nne, akaomba radhi na kurudi Jumanne. Hillary hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mtu wa kupanga. Usiku alikwenda kulala ghalani mwa kampuni, juu ya magunia ya mbegu za mahindi, akimweleza Festus, askari wa zamu, kwamba anakagua hali ya unyevu. Festus alimpa gunia la kujifunika bila kuuliza. Alikuwa na wake wawili na alijua mengi. Asubuhi Hillary alirudi na karatasi mpya. Kichwa chake kilisema: "Ratiba ya Pasaka (Iliyorekebishwa)."

Ilikuwa rahisi. Saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, mkwe ndani, mama nje. Saa saba hadi saa nane mchana, mkwe ndani, mama nje. Saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu jioni, vivyo hivyo, kwa kuwa hapo palikuwa na taarifa ya habari. Saa zilizobaki zote zilikuwa za mama, upande wa viti, mbele ya pazia.

"Ni saa tatu tu kwa siku," alimweleza Edinah. "Asilimia kumi na mbili na nusu."

"Asilimia ya nini? Ya mvua? Si wewe ukule huko nje, basi. Nitakuletea sahani."

"Mimi ndiye mwenye nyumba, Edinah. Nikila nje Ndung'u ataona. Watu watasema nimefukuzwa na mke kabla ya miezi minne."

Ndung'u, mwenye ploti, alikuwa ameshaona. Duka lake lilitazama lango, na tangu Ijumaa Kuu alikuwa na tamthilia ya bure. Saa moja kamili kijana aliingia. Bibi mzee alitoka na kigoda, akaketi upenuni, leso kichwani, akiutazama ukuta. Saa moja na nusu kijana alitoka. Bibi mzee aliingia.

"Makokha," alimwita siku hiyo ya kwanza, "siku hizi unaingia kwako kama mtu wa kusoma mita ya stima. Dakika kidogo, unaandika, unatoka. Kwani nyumba iko na deni?"

"Ni mambo ya familia, mzee."

"Sawa. Lakini huyo mama unamwanika kwa mvua. Hata nguo hatuaniki leo."

Hillary aliandika pembeni mwa karatasi: "Kigoda kisogezwe, kisionekane dukani."

Samaki wa Ijumaa aliliwa kwa wakati. Jumamosi mchana zikafuata zawadi za Nanyama zenyewe: kumbikumbi waliong'aa mafuta, uyoga uliopikwa kwa maziwa, ugali wa wimbi mweusi kama udongo mzuri. Hillary alikula kwa ari ya mtu anayetimiza jambo. Kati yake na mpishi halisi wa chakula hicho palikuwa na ukuta wa tofali moja, na maneno yalipitia kwa Edinah, aliyesimama mlangoni kama posta.

"Mwambie mama kumbikumbi ni watamu sana. Wa Kitale hawafikii hawa."

Edinah aligeuza shingo. "Mama, anasema ni tamu."

"Mwambie asante," ilisema sauti ya upenuni, ikitetemeka kidogo. "Mwambie atafune polepole. Wasije wakamkwama kooni kwa kukimbilia saa."

"Anasema asante."

"Nimesikia yote, Edinah."

"Sasa mimi nasimama hapa ya nini?"

Alasiri ratiba ilitaka makumbusho. Edinah alisema hawezi kumwacha mama. Hillary alikwenda peke yake, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa, na akapigwa picha peke yake kando ya banda la nyoka, mkono mmoja ukiwa umeachwa wazi upande wa kushoto, mahali ambapo mke angesimama.

Jioni kikohozi cha Nanyama kilibadilika. Kilikuwa kikavu, sasa kilikuja na filimbi mwishoni. Edinah alimkuta mumewe langoni saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, akingoja zifike.

"Leo usiingie. Habari utaisikia kwa Ndung'u. Acha mama apate moto."

"Tukianza kubadilisha hivi hivi, hatutajua tuko wapi."

"Tuko Kitale, Hillary. Kwa mvua."

Alitafakari jambo hilo kwa haki. Akapunguza zamu ya jioni kwa dakika kumi na tano, akaweka sahihi.

*

Jumapili mvua haikungoja alasiri. Walikwenda kanisani kwa zamu: Nanyama na binti yake misa ya kwanza, Hillary ya pili. Padri alihubiri juu ya jiwe lililoondolewa mlangoni, na Hillary alikubaliana naye kwa kichwa.

Saa saba kamili mbuzi alikuwa mezani. Nanyama alikuwa upenuni. Edinah aligundua kwamba makaa yamekwisha na chai haijachemka. Duka la Ndung'u halikuuza makaa, akachukua mwavuli, akamwambia mama yake, "Narudi saa hii hii," akaenda kuyatafuta kwa mama mmoja wa barabara ya soko ambaye hakuwahi kufunga, liwe jua iwe mvua. Simu yake aliiacha juu ya meza, kando ya bakuli la mwisho la kumbikumbi.

Hillary alikuwa amemaliza nyama na kuanza bakuli hilo aliposikia birika likipiga mbinja. Alifurahi kwamba chai iko tayari. Kisha akakumbuka kwamba hakuna makaa.

Mbinja ilitoka nje, nyuma ya ukuta. Ilikatika, ikaanza tena, fupi zaidi.

Mtu anayesoma habari hii akiwa ameketi anaweza kudhani kwamba lililobaki ni kufungua mlango. Hillary naye alilifikiria hilo, lakini baada ya mambo mengine. Kwanza alimpigia mkewe, na simu ya mkewe ikaimba mbele yake mezani. Pili, alisogea dirishani bila kutazama nje, akauambia ukuta, kwa kuwa hakujua aanze na jina gani, "Hapo nje, mambo ni sawa?" Ukuta ulijibu kwa mbinja. Tatu, alikumbuka kwamba mkewe aliwahi kutaja dawa ya kupuliza. Aliupata mkoba wa mama mkwe juu ya kiti, akafungua mlango kiasi cha mkono, na akausukuma mkoba huo nje kwa mpini wa ufagio, taratibu, mpaka alipoamini umefika. Ulifika. Kichupa kilichokuwamo kilikuwa kitupu tangu jana jioni, tangu zamu ya taarifa ya habari.

Nne, alimpigia Mzee Jairus.

"Baba, mama anashindwa kupumua. Yuko nje. Edinah hako."

"Umemwona uso?"

"Hapana!"

"Vizuri. Hako mwanamke mwingine hapo?"

"Hakuna mtu. Ploti yote wameenda kwao."

"Ngoja kidogo nifikirie. Kuna ire ya marehemu Wekesa, mwaka wa sitini na nane, mkwe wake alianguka kwa mto, sasa wazee wakasema..."

Hillary alisikiliza habari ya marehemu Wekesa. Hii ndiyo sehemu ambayo baadaye hakuweza kuieleza kwa mtu yeyote, hata kwa nafsi yake: alisimama, simu sikioni, akasikiliza, huku nyuma ya tofali moja mbinja ikigeuka kuwa kitu kingine kidogo zaidi, kama mtu anayenyonya chai moto. Mto wa Wekesa ulikuwa bado unafurika, na wazee hawajaamua, mlango uliposukumwa na Ndung'u akaingia, kofia ikidondosha maji.

"Wewe! Huyo mama amekuwa bluu na wewe unaongea na simu?"

"Mzee, mimi ni mkwe wake. Siwezi kumshika. Tafadhali mshike wewe."

"Mimi niko na mgongo ya kufanyiwa operesheni mara mbili! Nikimwinua tutabaki hapo wawili." Ndung'u alimtazama kijana huyu aliyesoma, mwenye shati jeupe na mafuta ya kumbikumbi kidevuni. "Kazini hushiki magunia ya mbegu, ama hayo nayo ni wakwe?"

Hillary aliitazama simu iliyokuwa bado ikiongea. Akaitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Kisha akafanya jambo la kwanza katika siku nne ambalo halikuandikwa popote: alishika pazia kwa mikono miwili, akavuta, na fimbo ya pazia ikaanguka pamoja na misumari yake na vumbi la dari. Alitoka nje kinyumenyume. Bila kutazama alimfunika Nanyama kutoka kichwani hadi miguuni, akakumbuka kwamba watu hupumua, akaufunua uso, akafumba macho, akambeba. Alikuwa mwepesi. Ndoo ya kumbikumbi ilikuwa nzito kuliko yeye.

Langoni palikuwa na boda boda mmoja aliyejikinga chini ya bati la duka, baiskeli yake ikiwa na kiti cha sponji.

"Bana," alisema, akitazama maua ya dhahabu, "hii ni mgonjwa ama ni sofa?"

"Endesha!" alifoka Ndung'u.

Boda boda alikanyaga. Hillary alikimbia kando katika tope, mkono mmoja mgongoni mwa mama mkwe asianguke, uso ukiwa umegeuzwa upande wa pili kwa heshima, hali iliyomfanya agonge nguzo moja ya stima na mbuzi wawili.

*

Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Jeruto, na sikukuu hazikuwa zimempunguzia wagonjwa wala kumwongezea subira. Alimwekea Nanyama barakoa ya mvuke, akangoja mpaka vidole vikarudia rangi yake, kisha akachukua kalamu.

"Wewe ni nani wake?"

"Nimemleta tu."

"Boda boda ndiye amemleta, na ameshaenda. Wewe ni mtoto?"

"Hapana. Mimi ni... mimi ndiye ninayeishi na binti yake."

"Mkwe." Aliandika. "Amekaa kwa baridi?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini? Dakika? Siku? Mimi nahitaji kujua daktari akiniuliza."

Hillary alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi, akaikunjua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuihitaji. Sista Jeruto aliisoma yote, hata pembeni palipoandikwa juu ya kigoda, hata sahihi ya dakika kumi na tano. Aliiweka juu ya fomu ya mgonjwa na kuzibana pamoja kwa stepla ya hospitali.

Edinah aliwasili akiwa amelowa, mfuko wa makaa bado mkononi. Alikaa kando ya mama yake, akamshika mguu kupitia pazia.

"Ndung'u anasema ulikuwa kwa simu."

"Nilikuwa natafuta ushauri."

"Kwa nani?"

"Baba Mkubwa."

"Alikushauri nini?"

"Tulikuwa hatujafika."

Edinah alimgeukia. Hakulia; kilio Hillary angejua namna ya kukishughulikia. "Mimi nilikuwa nadhani unaogopa desturi," alisema. "Kumbe hata desturi huogopi. Unaogopa kufanya kitu bila mtu kukuwekea mhuri. Rudi nyumbani, Hillary. Chai itahitaji makaa."

Akampa mfuko.

*

Jumatatu saa nne asubuhi Mzee Jairus alifika kutoka Bungoma kwa gharama zake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Alikuwa amesikia kwamba desturi imevunjwa; alikuwa pia amesikia, tangu Alhamisi, kuhusu nusu ndoo. Nanyama alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi hiyo hiyo, na alikuwa ameketi upenuni kwenye kigoda chake, amejifunga pazia mabegani, akipumua polepole kama mtu anayehesabu alichobakiza. Hillary alisimama nyuma ya tangi la maji. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na kwa kuwa pazia halikuwapo tena, kitanda cha maharusi kilionekana mpaka dukani.

Jairus alikohoa kikohozi cha kufungulia kikao.

"Hii ni jambo kubwa," alisema. "Kijana ameshika mama yake mkwe. Amembeba mbele ya mji. Sasa razima tukae chini, wazee, tuseme itasafishwa na nini. Ni kondoo? Ni mbuzi? Mimi naona kwanza tungeanza na kitu kidogo ya kutia tumboni, ndiyo mawazo ikuje."

"Mzee Jairus," alisema Nanyama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya mtu aliyewatia adabu watoto wa shule ya mumewe kwa miaka thelathini. "Mkwe akitaka kumfungulia mama mkwe mlango, hufanya nini?"

"Humfunika nguo. Mbere ya shahidi."

"Mimi niko na nini hapa mabegani?"

Jairus alitazama. "Hiyo ni pazia."

"Pazia ni nguo ama ni bati?"

"Ni nguo. Rakini hiyo pazia ni yenu, akina mama wa kanisa. Wewe ndiye ulitoa! Huwezi kufunikwa na kitu yako."

"Nilitoa, ikawa yake. Ameng'oa kwa ukuta wake, akanifunika. Imekuwa yangu. Shahidi ni yule hapo." Alinyoosha kidole bila kugeuka. Ndung'u, aliyekuwa amevuta kiti cha duka karibu ili asikose neno, aliinua kofia.

"Mimi niliona kwa macho," alisema. "Na nililipia boda boda. Lakini hiyo tutaongea."

"Shughuli ilikuwa ya Desemba," alisema Hillary nyuma ya tangi, kwa sauti ndogo.

"Edinah, mama," Nanyama alisema, "nishike mkono."

Akainuka. Akapita kizingiti cha nyumba ya mkwewe, safari hii bila pazia wala ratiba, akakitazama kitanda kile kwa utulivu, kama mtu anayetazama kitanda, akaketi kwenye kiti cha Hillary. Hakuna radi iliyopiga. Mvua ilikuwa hata imepungua.

"Mwite aingie," alisema. "Aingie nikiwa ndani. Nimechoka kuangalia hiyo ukuta, naijua tofali kwa tofali."

Hillary aliingia. Kwa mara ya kwanza macho yao yalikutana, na kila mmoja alishangaa: Hillary, kwamba mama mkwe wake alifanana sana na Edinah; Nanyama, kwamba mkwewe alikuwa mtoto mdogo kiasi hiki. Jairus aliingia nyuma yake bila kualikwa, akaketi kando ya meza, akaweka mikono tayari.

"Sasa," alisema Nanyama, "siku nne nasikia tu harufu. Niletee hizo chiswa zangu, nami nionje."

Edinah alikwenda pembeni, akainamisha ndoo, akaitikisa. Mabawa mawili matatu yalianguka. Kila mtu alimtazama Hillary, Jairus kwa uchungu wa kweli.

"Zilikuwa katika ratiba," alisema Hillary.

Hakuna aliyemsaidia. Nanyama aliichukua ndoo tupu, akaikagua, akalikunja pazia mara nne, maua ya dhahabu ndani, akalitia humo. Lilienea vizuri. Kisha akamgeukia mkwewe, moja kwa moja, bila posta.

"Mahindi mabichi ya huku hukomaa lini?"

"Agosti, Mama."

"Nitakuja Agosti. Nikae mpaka yaishe." Na alipoona mkono wa kijana ukipanda taratibu kuelekea mfuko wa shati, mahali kalamu ilipokaa, akaongeza, "Usiandike."